Gitaa Lililozamishwa

Wekoye aliingia hotelini kwa Kiptanui amevaa suti ya kanisani, CD mkononi, na hakumsalimu mtu.

"Weka hii," alimwambia Cherop, msichana wa kaunta. "Na uongeze sauti."

Ilikuwa mchana wa siku ya soko Kitale na meza zote zilikuwa zimejaa. Watu waliacha kutafuna. Wengi walijua kwamba mzee huyu wa Mabanga, upande wa Bungoma, hakuwa amekanyaga hapo maishani mwake, na walijua sababu.

Kiptanui alitoka jikoni akipangusa mikono. "Nani amekuita?"

"Sijaitwa. Nimekuja watu wako wakujue."

Nyuma ya Wekoye alisimama mkewe, Nasambu, mkoba ameukumbatia kifuani. Asubuhi alikuwa amemsihi asije. "Baba Joan, achana na mambo ya zamani. Hiyo muziki ilikufa." Alipoona hasikii, alivaa viatu akamfuata.

Zaidi ya miaka thelathini nyuma, hao watatu walikuwa bendi moja, Radi za Elgon. Kiptanui alipiga ngoma na ndiye aliyekuwa kiongozi. Wekoye alipiga gitaa la solo. Nasambu, msichana pekee kati yao, aliimba. Walipiga roki, na kumbi za Kitale na Bungoma zilitoa vumbi hadi darini. Mwaka 1974 walikwenda Nairobi kurekodi santuri yao ya kwanza, ambayo ilikuwa pia ya mwisho.

Siku santuri ilipofika, Wekoye aliweka sikio kwenye spika akalitafuta gitaa lake. Lilikuwa mbali, kama mbu nyuma ya ukuta.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

Kisha Kiptanui akasema, "Mkubwa wa bendi ni mimi. Kama una neno, niambie mimi."

Wekoye hakuwa na neno. Alimpiga ngumi ya mdomo, na bendi ikafa pale pale.

Chuki hiyo iliwafikia mpaka watoto. Mwaka jana, Kibiwott, mwana wa Kiptanui, alituma wazee kumposa Joan, binti ya Wekoye na Nasambu. Wekoye aliwafungulia mbwa. Joan alifunga nguo zake akaenda Mombasa, na tangu hapo simu ya nyumbani haipokei. Nasambu alilia hadi macho yakavimba, lakini hakumlaumu mumewe hata kwa neno moja.

Kisha, mwaka huu wa 2005, kampuni moja ya Ujerumani ikazipata kanda za asili za studio. Ilizisafisha, ikachanganya sauti upya na kuitoa albamu ile kwa CD. Kila mwanamuziki alitumiwa nakala. Wekoye hakuwa na mashine ya kuichezea, lakini mwalimu jirani alimsomea jalada: sasa kila chombo kinasikika, na mwishoni yameongezwa mazungumzo ya studioni ambayo hayajawahi kutolewa. Wekoye alimfanya ayasome maneno hayo mara ya pili. Hicho ndicho alichokitaka. Kiptanui afungwe na mdomo wake mwenyewe, mbele ya wateja wake.

Cherop alibonyeza.

Gitaa liliingia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Lilipanda, likalia, likashuka likiwa na hasira, na vijiko vikatetemeka kwenye vikombe. Mkulima mmoja wa Ndalu alisimama na bakuli lake la supu.

"Ee! Kumbe kulikuwa na kitu kama hiki?"

"Kilikuwako!" Wekoye alifoka, machozi yakimlenga. "Huyu ndiye alikizika. Wivu, bana! Wivu tu!"

Minong'ono ilizagaa. Mtu mmoja alisonya akimtazama Kiptanui.

"Sawa," Kiptanui alisema polepole. "Umeshinda. Watu wamesikia gitaa yako. Sasa chukua CD yako uende."

"Ati niende? Si bado mwisho."

"Mimi pia nilitumiwa yangu, Wekoye. Nimeisikiza yote. Izime."

"Aa, umeisikiza! Ndiyo maana unatetemeka."

"Nakuomba."

"Leo unaniomba? Mwizi wewe! Uliniibia jina, halafu ukataka na binti yangu aje akupikie!"

Kiptanui alipiga hatua kuelekea mashine. Wekoye alinyakua chupa ya soda mezani, akaishika shingo.

"Iguse, nikupasue kichwa."

Kiptanui alisimama. "Mama Joan," alisema, "mchukue mzee mrudi nyumbani."

Nasambu aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, mkoba ukaanguka miguuni pake, naye hakuuokota.

Wekoye alimwamuru Cherop aziruke nyimbo zilizobaki hadi mwisho wa CD. Yakaja mavumo ya kanda, kiti kikiburutwa, mtu akikohoa, kicheko cha vijana. Wekoye aliinua kidole juu, chupa ikiwa bado kwenye mkono wa pili.

"Sasa sikizeni. Sikizeni mdomo wake."

Hoteli ilitulia hata moto wa jikoni ukasikika.

"Mimi naipenda vile iko," ilisema sauti ya Kiptanui, changa, haina mikwaruzo. "Gitaa ya Wekoye muiache hapo."

"Inameza sauti yangu," alijibu msichana. "Izamisheni kabisa. Na akiuliza, Kiptanui, sema ni wewe. Mimi ananioa Desemba."