Wenye Doa Jeupe

"Huyu hapa mwingine! Doa jeupe mgongoni, kama kadondokewa na maziwa!"

Shangazi alimbana yule kidudu kobe kwa ncha za vidole, taratibu asimvunje mbawa, akamtia ndooni na kurudisha mfuniko. Wifi yake, aliyekuwa akipalilia kabeji, alicheka mpaka akaegemea jembe.

"Wifi, siku hizi umekuwa askari wa mpakani?"

"Cheka tu. Mizinga si yako."

Kweli, mizinga ya nyuki pembeni mwa shamba ilikuwa ya Shangazi. Na juzi mtafiti alikuja na habari. Vidudu kobe wenyeji, wale wekundu wa mviringo, hula vidukari wanaonyonya kabeji. Sasa wameingia wageni kutoka mbali, wanaokula mpaka watoto wa wenyeji. Wenyeji wakiwa bado wengi, vidukari watakwisha wenyewe. Wakiwa wachache, shamba litapigwa dawa. Na dawa haichagui. Nyuki nao watakwenda.

"Hao wageni nitawajuaje, mwanangu?" Shangazi alimuuliza.

"Kwa madoa yao, mama."

Mtafiti akaingia shambani, akachuchumaa humo mchana kutwa, akatoka na matone ya rangi magotini.

"Mtaalamu huyu au fundi wa kupaka kuta?" wifi alinong'ona.

Tangu hapo Shangazi hakutulia. Jani kwa jani, juu na chini yake, kila mwenye doa jeupe aliishia ndooni. Kuwaua hakutaka.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Hawa nawapeleka ng'ambo ya barabara, wakalime huko."

Kabla hajawapeleka, mtafiti akarudi. Alipekua kabeji mstari baada ya mstari, paji limekunjamana. Ghafla akaruka kama mtoto.

"Hongera, mama! Dawa haipigwi!"

"Wageni wamekwisha, eeh?"

"Wageni hata sikuwagusa. Juzi niliwakamata wenyeji, nikawatia doa jeupe, nikawaachia. Wangekuwa wachache, leo ningewashika walewale. Nimeshika wenyeji tele, mwenye doa hakuna hata mmoja! Basi ujue ni wengi, hawana idadi."

Shangazi akaketi juu ya ndoo, polepole.

"Wifi," mwenzake alisema, akiuma mdomo asicheke, "kiti hiki hapa."

"Hapa hapa pananitosha."