Kanga ya Mama

Siku ya tatu hiyo, Mwanaidi yuko kwenye kompyuta ya kukodi, macho yamemvimba, anafungua moja moja picha za harusi alizozirundika mtandaoni mpiga picha wa mtaa. Marehemu mama yake hakuacha picha hata moja nyumbani, ila harusi za mtaa hakuzikosa.

"Dada, utazeekea hapo," alisema Shomari, mwenye duka. "Kuna programu mpya, inatafuta kwa sura."

"Sura ipi? Mama alikuwa akiona kamera tu, anajifunika uso kwa kanga."

Shomari akacheka. "Basi tutafute kanga. Unayo?"

Mwanaidi alikuwa kajitanda hiyohiyo. Shomari akaupiga picha upindo wake, akaiingiza kwenye programu. Mara kioo cha kompyuta kikajaa: harusi arobaini, kanga ileile, mkono uleule umeinuka usoni.

Kwenye picha ya mwisho, mbuzi wa karamu alikuwa ameing'ata kanga kwa nyuma, na jicho moja la Mama lilikuwa limetokeza, linacheka.