Kimashine cha Mwenye Nyumba

"Naona kitanda cha binti mmekisogeza dirishani," mwenye nyumba alisema kwenye simu. "Vizuri, mama. Atapata hewa."

Mama aliikaza simu sikioni. Kitanda walikisogeza jana, yeye na bintiye, mlango umefungwa na mapazia yameshushwa. Mwenye nyumba hajakanyaga humu tangu awakabidhi funguo pamoja na kile kimashine cha kufagia kinachojiendesha chenyewe. Alisema ni zawadi kwa wapangaji wake, wasikizime tu.

"Nani kakwambia, baba?"

"Aa! Nyumba yangu mwenyewe, nikose kuijua?" Akacheka.

Bintiye alikuwa chumbani akijiandaa kwenda kazini, mlango wazi. Kimashine kilitoka chini ya kochi kikinguruma, kikaelekea huko. Mbele kina kijicho kimoja cheusi, kama mbegu ya papai. Mama alikiona kila siku, tena akikisifia kwa majirani. Leo miguu yake, sijui ilipata wapi akili, ikaenda kuziba mlango. Kimashine kikamgonga kidole gumba, kikarudi nyuma, kikagonga tena.

Simu ilikuwa bado sikioni.

"Sogeza mguu, mama," mwenye nyumba akasema taratibu. "Kipite."