Hodi ya Tatu

Aliyewauzia Mwanaidi na mumewe gari lile, lenye kitanda na jiko ndani, aliwausia jambo moja: kabla ya safari ya kwanza, shindeni humo kutwa gari likiwa uani, mjue kinachopungua.

Kufikia adhuhuri Mwanaidi alikwishajua. Wifi yake alikuwa ameingiza godoro lake. Mama mkwe alikuwa ameleta kinu, kuku wawili waliofungwa miguu, na ushauri: yeye akae mbele, kwa sababu ya magoti yake.

"Si tulisema safari ni yetu wawili?" Mwanaidi alimuuliza mumewe.

Hashil alikuwa akifunga makabati kwa mpira yasifunguke njiani. "Sasa nimwambie mama ashuke?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo."

Hashil alicheka, akaenda kutafuta mpira mwingine.

Mwanaidi akashusha godoro. Akashusha kinu, akawafungua kuku miguu, wakatimka. Kisha akaingia, akavuta mlango na kusukuma komeo. Ndani ya nyumba waliyoishi wote, chumba chao kilikuwa na pazia tu badala ya mlango.

"Hodi," aliita mama mkwe.

Mwanaidi aliketi kitandani.

"Hodi, mwanangu!"

Neno la kuitikia lilimjaa mdomoni, akalimeza. Ilibaki moja tu. Mgeni asiyeitikiwa mara tatu hujiondokea.

Hodi ya tatu ilikuwa ya Hashil, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefika nyumba asiyoijua.

Mwanaidi alinyoosha mkono, akalishika komeo, na mkono ukabaki pale pale.