Jawahir Aikatalia Kompyuta

Kila asubuhi, kompyuta ya Jawahir, mwenye saiba, duka la intaneti, pale mtaa wa Laini Saba, ilimuuliza: "Unaruhusu programu ya kipanya ibadilishe mashine hii?" Naye kila asubuhi alibonyeza Ndiyo, shingo upande.

"Mathe, naitoa kwa zile programu zinazojiwasha zenyewe," akasema fundi aliyeitwa siku moja. "Haitakuuliza tena."

Jawahir akamshika mkono. "Ngoja kwanza. Tingatinga lilipobomoa nyumba yangu, nani aliniuliza? Hata paka hakuulizwa!"

Akafuta kidole kwa leso, taratibu, akabonyeza Hapana.

Swali likatoweka kwa adabu. Saiba nzima ikapiga makofi.

"Haya, sasa itoe," Jawahir akamwambia fundi.

"Bado!" wateja wakapiga kelele, foleni ishafika mlangoni. "Fundi, iwashe tena! Na sisi tukatae!"