Oda za Kanga

Kanga alihudumia wateja kwenye mgahawa wa Ngiri, na hakuna oda aliyoifikisha jikoni bila kuiimba.

"Wali samaki mmoja, pilipili kando!"

"Inakuja!" huitikia Ngiri, bosi na mpishi, halafu hununa. "Dada, hapa tunauza wali. Nyimbo kauze kwingine."

Asubuhi moja Kanga akavua aproni. "Bosi, naenda kuziuza." Akatoka mbio hadi kwenye bendi ya Chura.

Chura hakupenda kupotezewa muda. "Haya, imba."

Kanga akaanza wimbo wa mapenzi, sauti ikamtetemeka. Chura akapiga mwayo. Kanga alikuwa anageuka kuondoka ngoma zilipolia, na maneno yakamponyoka: "Chapati mbili, maharage moja, chai iwe ya moto!"

Bendi nzima ikadakia. Chura akaruka juu ya kiti. "Huo huo, dada! Jioni unapanda jukwaani."

Jioni wateja wa Ngiri waliacha sahani wakaufuata wimbo. Ngiri akawafuata, mwiko mkononi, amefura kwa hasira, akamrudishe mhudumu wake kazini. Kanga alipomwona tu, akapaza sauti: "Wali samaki mmoja, pilipili kando!"

"Inakuja!" akaitikia Ngiri kabla hajajizuia, kwa sauti nene iliyotikisa viti.

Umati ukalipuka kwa shangwe. Chura akainama kutoka jukwaani. "Bwana mpishi, tulikosa mwitikiaji. Mgahawa wako unafungwa saa ngapi?"

Ngiri akautazama mwiko wake.

"Umeshafungwa," akasema, akapanda.