Maji ya Rejeta

Maji yalikuwa yanapotea, na sakafu ya banda la gari ilikuwa kavu.

Hilo ndilo lililomtoa jasho dereva mstaafu, mtu aliyeendesha malori maisha yake yote na kujiona anayajua magari kama kiganja cha mkono wake. Kila jioni ya kuamkia siku ya kliniki aliijaza rejeta mpaka shingoni. Kila alfajiri, wakifika mlimani yeye na mkewe, mshale wa joto ulipanda na mvuke ukafuka chini ya boneti. Mpaka gari lipoe, zamu ya mkewe kwenye mashine ya kusafisha damu ilikuwa imeshapewa mwingine.

Gari la kukodi mkewe alilikataa katakata. Alisema madereva wale wanakimbia kama wamefumaniwa, na tumbo lake halina nguvu hizo.

Fundi wa mtaani aliikagua injini, akakuna kichwa. Oili ilikuwa safi, moshi haukuwa mweupe, koki ya kumwagia maji chini ya rejeta ilikuwa imekazwa. Lakini maji hayapai mbinguni, alisema. Bila shaka gasketi ya silinda hedi imepasuka na injini inayanywa. Kuifungua kungechukua wiki nzima. Mzee akaona wiki ni ndefu mno kwa mtu ambaye uso umeshaanza kumvimba. Ndipo fundi akamtajia dawa ya kumimina, inayoziba ufa ikikutana na joto.

"Ukishamimina na kuiungurumisha injini, kaza kifuniko," alimwonya. "Usikifungue tena mpaka mfike mnakokwenda."

Jioni ile dawa ilitoka koponi nzito kama uji, imejaa chembe za rangi ya shaba. Zilimganda vidoleni. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa mafuta ya taa, bado akawa anametameta kama bibi harusi. Mkewe alikuwa kitandani, karai lake la kutapikia pembeni. Mzee alimwonyesha mikono kutoka mlangoni, naye akacheka kidogo, kicheko ambacho mumewe alikuwa amekisahau.

"Baba watoto, gari limechoka," alisema. "Kilichochoka kiache kipumzike."

"Likipumzika, nani atakupeleka?"

Mkewe aligeukia ukutani, na mzee akazima taa akijipa moyo kwamba safari hii watafika.

Alfajiri alimkuta mkewe ameshavaa, na karai limeoshwa na kuinamishwa kando ya mlango wa banda. Alifurahi. Ilikuwa muda mrefu tangu mama huyu aamke kabla yake na kufanya kazi yoyote. Kifuniko cha rejeta hakukigusa, maana fundi alishasema. Wakaondoka.

Mlimani mshale ukaanza kupanda. Kwanza alijiambia macho yanamhadaa, kisha mvuke ukafuka. Akaegesha pembeni, akazima injini, akalaza paji la uso kwenye usukani. Daktari alikuwa amewaambia wote wawili: zamu moja zaidi ikipita, asilaumiwe mtu. Alikuwa ametumia kila alichokijua duniani, na hakikutosha. Alilia, mtu mzima na mvi zake.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimeshindwa kukufikisha."

"Hujashindwa," mkewe alimjibu kwa upole. "Wewe umefanya yote."

Akautoa mkono ndani ya shali, akamfuta machozi. Mzee akaushika, akaukuta wa baridi, akausogeza mdomoni apate kuupulizia joto. Chini ya kila ukucha zilimetameta chembe za shaba.